Ukurasa Unaokaa Ndani ya Tangi la Maziwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maziwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, fundi kutoka Mbarara akaja kukagua tangi la kupoza maziwa linalotumia umeme wa jua. Maziwa yalikuwa yamechacha mara mbili wiki hiyo, na msimamizi aliapa hajawahi kulizima.

Fundi hakugusa hata skrubu. Alimwambia mama wa Kikongo aliyekuwa mbele yangu aunganishe simu na Wi-Fi ya tangi, afungue brauza, aandike namba zilizobandikwa kwenye mfuniko.

"Lakini miye sina mega za intaneti."

"Mega hapana. Hii ukurasa inakaa ndani ya mashine."

Mama akaandika namba, kisha akalizunguka tangi lote akiutafuta huo ukurasa, akachungulia hata nyuma. Aliporudi mbele, simu yake ilikuwa inaonyesha mstari wa joto la maziwa la wiki nzima. Kila siku, saa nane mchana, ulipanda.

"Saa nane munafanyaka nini hapa?" mama akamuuliza msimamizi.

Msimamizi akakuna shingo. "Ninachomoaka tangi kidogo, nichajie batu simu."

Simu hizo zilikuwa zetu, sisi wa kwenye foleni. Mama akaitazama yake, imejaa chaji, akaigeuza kifudifudi kiganjani. Mimi yangu nilikuwa nimeshaificha mfukoni.