Wakati Unaachilia, Jiwe Iko Wapi?

Hapana, Esta, usiniambie eti profesa ndiye anatoa points, basi utafuta jibu yako uandike yake. We ni mudogo wangu, tumbo moja, lakini leo umenikasirisha mpaka nimekamata kaye, hii daftari yangu, niandike, sababu ningeendelea kusema ningekupiga.

Hiyo zero yako ya leo, ya kuandika cos, mi naijua kupita we.

Nakumbuka mwaka jana, mi niko darasa yako hii, profesa huyu huyu akatupa interro, jaribio ya darasa: uzito iko kwa resori, ile waya ya kujikunja yenye kuvutika, unaivuta chini santimetre ine, unaiachilia bila kuisukuma. Nikaandika x'' + ω²x = 0. Jibu yake yote ni A cos ωt + B sin ωt. Pa mwanzo, t ni zero, uzito iko chini: A ni ine. Sikuisukuma, mbio haina: B ni zero. Basi, 4 cos ωt. Iliisha! Halafu nikakumbuka kwa kaye profesa alitudiktia sin, sin tu. Nikafuta yangu. Nikapata kumi juu ya kumi, darasa yote ikanipigia mikono.

Nilifika nyumba nacheza. Tate, mama ya baba, alikuwa anapanga ndakala, samaki zake ndogo za kuuzisha, mizani yake ya resori inaning'inia pa mulango.

"Nionyeshe hiyo kumi inafanana je."

Nikafunga jiwe ya nyavu, nikaivuta, nikaiachilia. Ikapanda, ikashuka.

"Wakati unaachilia, jiwe ilikuwa wapi?"

"Chini, tate."

"Na pa karatasi yako?"

Nikatia zero ndani ya sin. Nikaona haya. "Katikati."

"Ni mukono ya nani ilivuta? Mi nikipima ndakala na kaye ya muntu, hawa bamama ba soko batanifukuza mpaka Mboko! Toa hiyo kumi hapa. Si yako."

Sikukula siku ile. Nilikasirikia profesa, nikajikasirikia mi kupita yeye.

Sasa sikia, mudogo wangu. Sin ya profesa iko muzuri kwa muntu anaanza katikati na kusukuma. We haukuanza pale. Ile equation inakupa myendo yote, lakini haijue ulianzia wapi. Ni we unaiambia. Usiache muntu akusemee pa kuanzia wakati mukono yako ndiyo ilivuta. Usifute cos yako, unasikia? Na Mungu akuchungie hiyo kichwa nguvu ulizaliwa nayo, isilainike mbele ya chaki.

Kesho asubui, mbele ya kengele kulia, nabeba mizani ya tate na jiwe yake, nafunga pa chuma ya dirisha ya darasa yenu. Nitavuta, nitaachilia, profesa ataangalia. Lakini mbele ya kuongea zero yako, nitamupa karatasi yangu ya mwaka jana, nimuombe afute ile kumi.