Askari Niliyemrudisha

Watu hunicheka nikisema napenda riwaya za mapenzi za wakati wa vita, zile za upole, za mashambani huko Ulaya, ambamo hakuna mtu anayepigwa risasi mbele ya macho yako. Wacheke tu. Nimezisoma nyingi na sijachoka. Lakini moja ilinifanya nimkosee mama yangu mzazi, na nimeificha habari hiyo vya kutosha.

Ilikuwa Mwanza, ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Mama alikuwa na kibanda cha mitumba, makoti hasa. Utaniuliza nani anavaa koti Mwanza. Walinzi, wavuvi, na bwana harusi yeyote kutoka Kisesa, hata jua likiwa utosini. Pembeni ya kibanda chetu alikaa fundi cherehani, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache, aliyepunguzwa kazini akatoka na mashine yake tu. Mama akiuza koti, fundi analipunguza mabega. Walifanya kazi hivyo miaka mitatu bila kugombana hata siku moja, na kwa mtu anayemjua mama yangu hilo ni jambo la kushangaza.

Baba alikwenda vita vya Uganda nikiwa na umri wa miaka mitatu. Hakurudi. Wala hakuna aliyekuja kutuambia amekufa. Mwenzake mmoja alisema alimwona akivuka mto, mwingine akasema si yeye. Basi, ikaishia hapo.

Baba alikuwa Mjaluo wa Rorya. Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, ukoo hukata tunda la mwegea, lile refu na zito kama mkono wa mtu mzima, wakalizika kaburini kwa jina lake. Kilio kinafanyika, watu wanakula, wanatawanyika. Tangu siku hiyo mtu huyo amekufa na mkewe ni mjane. Pasipo tunda, mwanamke anabaki mke wa mtu. Mama alikuwa mke wa mtu miaka kumi na sita.

Sasa baba mdogo alikuwa ameleta barua. Miguu yake imevimba, anasema, na hataki kufa na deni la kaka yake. Angekuja Jumamosi na wazee wawili kuchukua neno la mama, maana tunda halikatwi mpaka mwenye mume akubali. Mama alinieleza huku akikunja makoti, hanitazami. Akaongeza kwamba fundi ameomba kumwoa, kama atakuwa huru. "Nitajibu Jumamosi," akasema.

Nikajua atasema ndiyo. Ilikuwa Jumatatu.

Acha niseme wazi: sikutaka baba azikwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na bado meli ikitia nanga nilikuwa nikiwatazama wanaume warefu wanaoshuka, nikimtafuta baba. Mtu mzima na akili zangu! Sikumwambia mama, sikumwambia yeyote. Nilidhani hakuna anayejua.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa katikati ya kitabu. Nilikinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitabu vya walimu wa kigeni waliokwisha kurudi kwao, amevimwaga juu ya gunia, na wateja wake wakubwa ni wauza karanga wanaotaka karatasi za kufungia. Nilikiokoa hicho. Mama alisoma Kiswahili vizuri lakini Kiingereza kilimpita kushoto, kwa hiyo mchana, biashara ikilala, nilikuwa nakishika kitabu cha Kiingereza na mdomo wangu unatoa Kiswahili papo hapo. Mama anapiga pasi ya mkaa. Fundi anakanyaga cherehani. Pakinoga, cherehani inanyamaza.

Tulizipenda vipi hadithi hizo, jamani! Ni vita, lakini vita iko mbali, nyuma ya kilima. Hapa kijijini kuna kuku, kuna matofaa, kuna bibi mbea anayechungulia dirishani. Sukari inagawiwa kwa kadi. Nilipofika hapo Mama alicheka mpaka akaweka pasi chini: "Kumbe na Wazungu walipanga foleni ya sukari?" Alitaka kujua wanapanda nini, na mvua gani hiyo isiyoisha, na kwa nini msichana analima amevaa suruali na mama mkwe hasemi kitu. Sisi vita tuliijua kwa namna nyingine, na hata mwaka uliotangulia ziwa lenyewe lilikuwa limetuletea maiti za vita ya jirani mpaka watu wakaacha kula samaki. Kwa hiyo msinifundishe kwamba riwaya hizo zinadanganya. Tulijua zinadanganya. Tulikaa ndani ya uongo huo kama mtu anayekaa kivulini.

Jumatano nikafika pale msichana anapoletewa simu ya maandishi: mchumba wake askari hajulikani alipo. Nilisoma haraka haraka ili nipite. Mama akanizuia.

"Rudia hapo. Nani kaileta?"

"Mtu wa posta, Mama. Kwa baiskeli."

"Wenzetu waliletewa," akasema, akarudi kwenye pasi.

Usiku huo nilisoma peke yangu mpaka mwisho kuona kinachokuja. Na kilichokuja kilinikata maini. Askari amekufa kweli. Msichana anakaa mwaka mzima, kisha anakwenda kanisani kilimani, anaweka maua, anashuka, na kule chini anangojwa na yule daktari wa mifugo, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuwa akimsaidia na kondoo tangu sura ya pili. Wanaoana. Kila mtu kijijini anafurahi, hata bibi mbea.

Niliona kabisa picha inayochorwa. Hata mwandishi Mzungu yuko upande wa fundi!

Ijumaa mchana nilisoma sura ya mwisho. Mama alikuwa amevua viatu, amekaa juu ya robota la makoti. Fundi alikuwa ameacha kushona tangu mwanzo. Macho yangu yalikuwa kwenye maneno ya Kiingereza, msichana anapanda kilima na maua, na mdomo wangu ukasema: "Alipofika juu, akaona mtu anakuja kwa mguu kutoka ng'ambo ya shamba. Anachechemea. Amevaa koti la jeshi."

Sikupanga, Mungu ni shahidi. Au nilipanga. Nilimrudisha yule askari hatua kwa hatua, nikampa kovu, nikamfanya amwite msichana kwa sauti, nikamfanya daktari wa mifugo avue kofia na kuondoka zake na mbwa wake. Nilipofika hapo machozi yalikuwa yananitoka na karatasi siioni tena, na bado naendelea kufungua kurasa. Nikafunga kitabu.

Fundi alikunja kitambaa chake taratibu, akaifunika cherehani kabla ya saa zake.

"Kitabu kizuri," akaniambia. "Umesoma vizuri, binti."

Hakukuwa na kijembe ndani ya maneno yake. Ndiyo maana yaliniuma.

Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa wameshafika kwetu Butimba, baba mdogo na wazee wake wawili. Niliwapigia magoti, shikamooni, marahaba, nikawaletea maji ya kunawa na uji. Miguu ya baba mdogo ilikuwa imejaa mpaka kamba za viatu hazifungiki. Alizungumza kwa upole. Akasema ukoo umekubaliana, mwegea upo, kaburi litachimbwa karibu na la babu, na shemeji yake hatadaiwa chochote wala kurithiwa na yeyote. "Tunataka tu neno lako, shemeji. Ukisema ndiyo, keshokutwa tunalia na kumaliza."

Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Alitazama mikono yake.

"Hapana," akasema. "Tumsubiri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la uji mkononi, na sikufurahi. Baba mdogo akafumba macho. Mzee mmoja akaanza kusema kwa Kijaluo, kwa ukali, kwamba mwanamke huyu anamfunga marehemu njiani, mwingine akaanza kutafuta fimbo yake ili wanyanyuke. Wangetoka. Na baba mdogo asingerudi tena, kila mtu mle ndani aliliona hilo miguuni kwake.

"Nilidanganya," nikasema.

Mtoto haingilii wazee. Baba mdogo alifumbua macho, na mama akaniambia nitoke nje. Sikutoka. Niliropoka yote, kitabu, kilima, maua, daktari wa mifugo, mpaka yule mzee mkali akamuuliza mwenzake huyu anazungumza juu ya nani. Nikasema askari amekufa, Mama, kwenye kitabu amekufa, mimi ndiye niliyemrudisha, usimsubiri kwa sababu yangu.

Nilitegemea kofi. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi na nilikuwa nimelistahili.

"Wewe mtoto wewe," akasema. "Unadhani nimewajibu wakwe zangu kwa sababu ya Mzungu wa kwenye kitabu?"

Akauonyesha ukuta kwa kidole.

"Mimi nimeshamlilia baba yako zamani. Nimemlilia kwenye ukuta huu huu, kila mwaka, mpaka yakaisha. Nilikuwa tayari. Lakini jana nilikuona unavyolia, mtu mzima, kitabu kinatetemeka. Nikasema kumbe nikimzika, nitamzika peke yangu, na huyu atanitazama maisha yake yote kama mwuaji. Bora nikae. Nimezoea kukaa." Akavuta kitenge mabegani. "Kama unataka vingine, haya, wazee hawa hapa. Sema wewe."

"Mama, mimi siwezi..."

"Sema wewe."

Wakanigeukia wote watatu. Sikuwahi kutazamwa na wanaume wazee namna ile, wakiningoja mimi. Birika lilikuwa linaniunguza kidole na sikuliweka chini. Nilijaribu kuiona sura ya baba nikakuta sina, sijawahi kuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mtu mrefu anayeshuka melini, na mgongo wa mtu anayeondoka.

"Tumzike," nikasema.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Na mama, aliyesema machozi yalimwisha, alinyanyuka katikati ya chumba, akaweka mikono kichwani, akapiga ule ukelele wenyewe, wa msiba, ambao sikuwahi kuusikia nyumbani kwetu. Majirani walitupa walichoshika wakaja mbio, mmoja na sabuni bado mikononi, wanajazana mlangoni wanauliza nani, nani amekufa.

"Baba yangu," nikawaambia.

"Pole, mwanangu! Lini?"

Nikasema, "Sasa hivi."