Matofali ya Banda la Kuku

Mafuriko yalipopita, fundi mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji alibaki na mkewe, binti yao mdogo, na lundo la matofali lililokuwa nyumba yao. Shamba la mkewe lilikuwa tope tupu, na akiba yote ya nafaka ilikuwa imeoza.

Kazi hakukosa, kila mtu alitaka ukuta. Jioni alirudi hoi chini ya turubai lao, wakanywa uji, wakalala.

“Hebu mtazame mwanao,” mkewe alimwambia siku moja. “Gauni la mwaka jana bado linamtosha.”

“Si afadhali? Tumeokoa hela ya nguo.”

Mkewe hakucheka. Walipompeleka zahanati, nesi alimpima mtoto, akatikisa kichwa. “Uzito umeshuka, na urefu umesimama palepale. Uji mtupu unajaza tumbo tu. Anataka mayai, maharage, mboga.”

Pimamaji aliona aibu kwa ule utani wake. Kesho yake hakwenda kazini. Aliyachambua matofali mazima, yaleyale aliyoyatunza ya kuinulia nyumba, akajenga banda la kuku imara kama benki, akanunua kuku wachache kwa ujira wake. Mengine akayapanga kuwa vitalu vya kimo cha magoti, maji yakirudi yasizoe kitu. Mkewe akajaza udongo na samadi, akapanda mchicha na maharage.

Mama mkwe alipokuja kuwajulia hali, alishika kiuno.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, na unijibu! Binti yangu analala chini ya turubai, kuku wamejengewa kwa matofali?”

“Nyumba naweza kujenga hata nikizeeka, mama. Huyu mtoto anakua sasa hivi.”

Bibi alinuna, akasema atakaa siku kadhaa amsute vizuri. Akaishia kumpondea mjukuu mayai na kugombana na kuku walioparua mchicha.

Wapita njia walimcheka Pimamaji: fundi wa watu, kwake hana hata ukuta! Alicheka nao, ingawa mvua ilipopenya turubai maneno yale yalimchoma.

Lakini mtoto alinenepa mashavu, akarefuka, akaanza kuwakimbiza wale kuku uani. Majirani wenye watoto wadogo wakaja kumwomba awajengee mabanda. Alijenga bure, jioni baada ya kibarua. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kusimama mtaani, chumba kimoja na sebule, na mama mkwe ndiye aliyechagua upande wa dirisha.