Asubuhi Ambayo Mama Uji Hakufungua

Kisukari kilimla Fundi Saa macho polepole, mpaka parafujo za saa akawa anazipapasa tu. Wateja wakahama. Baadaye kodi ya chumba nayo ikamshinda. Mkewe alishatangulia, mtoto hakujaliwa, basi akahamia kwenye baraza ya ghala lililofungwa, na boksi lake la kulalia na blanketi.

Insulini inataka ubaridi, na barazani hakuna friji. Mama muuza soda wa jirani ndiye aliyemwambia, "Baba, lete hapa, nitaiweka nyuma ya chupa za maji." Kila asubuhi alimsomea kipimo kwenye bomba la sindano, mzee akaupa mtaa mgongo, akajichoma tumboni, kisha huyo kwa mama uji, ambaye hakuwahi kumnyima bakuli.

Siku moja, jua limeshakuwa kali, mteja akalalamika kuwa mama uji amefiwa, hajafungua. Muuza soda akabaki ameshika chupa. Mzee alikuwa ameshajichoma. Amekula nini?

Akaliacha duka wazi, akakimbia na chupa ya soda mkononi.

Alimkuta chini ya ukuta wa benki, shati limelowa jasho, watu wanamkwepa kama dimbwi la maji machafu.

"Mlevi huyo," alisema mlinzi. "Nimemfukuza, haondoki."

"Huyu hajui hata harufu ya pombe. Sukari imeshuka. Mshike kichwa."

Mzee alimsukuma, akamtolea matusi ambayo hakuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"Baba, ni mimi. Meza. Kidogo kidogo."

Soda ikamwagika shingoni. Akameza funda moja. Wakangoja. Akameza la pili, macho bado yanaelea. Mlinzi sasa alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili.

"Duka umemwachia nani?" mzee akauliza hatimaye.

"Paka. Twende hospitali."

"Siendi. Nilipolazwa mara ile, nilirudi nikakuta blanketi limepata bwana mwingine."

"Blanketi nitalichukua mimi. Amka, baba."

Hospitalini, daktari aliuliza anakaa wapi. Mzee alianza kutaja mtaa wake wa zamani, kama alivyofanya kila kliniki. Muuza soda akamgusa bega.

"Barazani," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Chakula nikikipata, nakula."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kumbe dawa hii nilikuwa naiandika kwa mtu mwenye jiko." Akabadilisha kipimo, akamwonya asijichome kabla chakula hakijawa mbele yake. Kisha akamvua kiatu. Ndani ya soksi mlikuwa na kidonda kinachonuka, na mwenyewe, miguu imeshakufa ganzi, hakuwa na habari.

Alilazwa. Kidole kimoja kilikatwa, mguu ukabaki. Muuza soda alisogeza makreti stoo, akamtandikia godoro. Nafasi aliyoombewa kwenye makao ya wazee bado anaingoja, na muuguzi wa kliniki anapofungua bandeji, mzee hugeuza uso pembeni, kana kwamba macho yake bado yanaona.