Kitasa na Mchezo wa Bata

Walimwita Kitasa kwa sababu akishasimama mlangoni hapiti mtu. Alikuwa baunsa wa baa, pande la mtu, shingo imezama mabegani na vifundo vya vidole vimejaa makovu. Wateja aliowatupa nje wangecheka hadi kulia wangeambiwa kwamba jitu lile kila asubuhi hukaa chumbani mbele ya kompyuta kuukuu, likitengeneza michezo ya video. Hakuuza hata mmoja. Alitengeneza kwa raha zake, na mchezaji wake alikuwa mmoja tu: binti yake wa miaka tisa.

Safari hii alikwama kuchagua aina. Mbio za magari alishazichoka. Binti alitaka mafumbo: bata amepotea, anatafuta njia ya kurudi kwao. Kitasa akamtania kwamba bata yeye anamjua akiwa sahanini tu, akachagua mapigano. Ngumi ndiyo elimu aliyokuwa nayo.

Kosa lake ni kwamba aliijua mno. Katika michezo ya wengine mtu hupigwa ngumi ishirini, akajipangusa vumbi, akaendelea. Kwa Kitasa ilitosha moja, chini ya sikio: goti linakunjika, kichwa kinagonga ngazi, damu inatoka puani, kisha mguu wa kushoto unatetemeka peke yake. Mguu ule ulimtoa jasho kuuchora, na aliuonea fahari.

Binti alicheza mara moja. Adui akaanguka. Akangoja, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Baba, mbona haamki?"

"Ukimpiga pale haamki, mwanangu."

"Umejuaje?"

Kitasa akajifanya anatafuta chaja.

Mchana huo kulikuwa na mechi, baa imefurika. Mlevi mmoja mwembamba alizuiwa kuingia na chupa. Akaivunja ukutani, akamchana Kitasa shavu. Damu ikamwingia mdomoni. Hasira hasara, wanasema, lakini nani hukumbuka methali huku anaonja damu yake mwenyewe? Mlevi alishashtuka, akaiangusha chupa na kuinua mikono. Kitasa aliiona mikono ile. Nasema aliiona. Akampiga palepale, chini ya sikio.

Goti likakunjika. Kichwa kikagonga ngazi. Mguu wa kushoto ukaanza.

Kitasa akapiga magoti, akawa anamwita kaka, ndugu yangu, amka. Na aibu iliyopita zote ni kwamba hata hapo akili yake ilikuwa inapima: mguu halisi hutetemeka haraka kuliko alivyouchora. Wenzake wakambeba mlevi kumkimbiza hospitali. Mwenye baa akamwambia aende nyumbani, ataitwa.

Binti alilitazama shati lenye damu, halafu shavu, halafu mikono.

"Ameamka?"

Hakuuliza ni nani. Kitasa alijibu kwamba hajui. Akawasha kompyuta, akaufuta mchezo wote mbele ya binti, mguu na vyote. Akaanza kuongea harakaharaka: sasa watatengeneza ule wa bata, leo hii hii, bata atavuka mto, atapita kwenye majani marefu, atafika kwao salama.

Binti akasogeza kiti chake nyuma.

"Akifika," alisema, "mlangoni atamkuta nani?"