Ndimu na Majivu Juu ya Uso wa Mfalme

Mwenye nyumba wetu kule Muaither, mji wa Ghuba, alikuwa na sarafu za fedha za kale, amezipanga sebuleni juu ya kitambaa cheusi. Kila moja ilikuwa na uso wa mfalme kijana aliyevaa kichwa cha simba kama kofia. Mimi dereva wake tu, lakini aliniita kunionyesha: hii ya Wagiriki wenyewe, na hizi waliziiga wafua fedha wa Ghuba hii, watu ambao huyo mfalme hawakuwahi kumwona. Pua imerefuka, jicho limetoka kama la samaki.

"Hizi ndizo zetu," alisema, na sauti ikamlegea kama anayetaja wanawe.

Mtumishi wa ndani alikuwa dada kutoka Unguja. Mamake yu taabani kule, naye anaogopa kuomba ruhusa, maana pasi yake ya kusafiria iko kabatini kwa Baba, ndivyo tulivyomwita tajiri.

"Omba tu, dada. Kuuliza si ujinga."

"Nitamfurahisha kwanza, kaka. Mkono mtupu haulambwi."

Basi akachukua ndimu na majivu, kama bibi zake walivyosugua bangili za arusi, akazisugua zile sarafu zote. Lo! Nilipoingia niliinama kuzitazama. Weusi wa miaka umekwenda, na pua na macho vimekwenda nao. Zinang'aa kama vijiko vya dukani.

Baba aliporudi hakupiga kelele, afadhali angepiga. Dada alisimama pale anatabasamu, akayasema maneno ya kuomba ruhusa kwa Kiarabu alichokifanyia mazoezi jikoni.

"Umeua kitu cha miaka elfu mbili," Baba akajibu. "Hakuna safari."

Wallahi nilimchukia mtu yule. Lakini ubavu wa kusema sikuwa nao. Nikatoka, nikaosha gari lililokuwa safi.

Mamake dada alizikwa kabla ya Ramadhani. Dada alimlilia chooni, bomba limefunguliwa, mwenye nyumba asisikie. Kesho yake Baba, labda moyo ulimsuta, akampa sarafu moja. "Chukua. Haina thamani tena."

Jioni hiyo mimi nilibeba sinia ya tende, dada akabeba dele la kahawa. Akaiweka ile sarafu mbele ya Baba, kando ya kikombe.

"Baba, uso wa huyu nimeupangusa vumbi kila siku, naujua hata nikifumba macho. Wa mama yangu wameufunika sanda, sijauona."

Kisha akammiminia kahawa, kwa adabu zote alizofundishwa.