Kikapu cha Médiatrice Kwenye Mizani

Kwa ndege ndogo ya shirika la misaada, kutoka Bujumbura mpaka Kirundo haikufika hata saa moja. Kwa barabara ilikuwa siku nzima, tena ukijaliwa kufika, maana vita vilikuwa vimekaa vilimani na magari yalienda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma. Médiatrice, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, katika mtaa wa Kinama mjini Bujumbura, alikuwa hajamwona binti yake Amélie tangu aolewe huko. Sasa Amélie amejifungua mtoto wa kwanza, na mume wake, muuguzi wa shirika hilo, akamwombea mama mkwe kiti kimoja.

Mama haendi kumwona mzazi mikono mitupu. Wenyewe wanaita kuhemba: unafika na kikapu kichwani, na wakwe wanakitazama kabla ya kukutazama wewe. Chake Médiatrice alikijaza unga wa mtama wa uji, maharagwe na ndagala kavu, akakifunika kwa kitenge kipya.

Uwanjani, karani Rénovat akampandisha kwenye mizani na mzigo wake. Mshale ukapita alama. Akamwambia kikapu kibaki. Safari fupi vile, kikapu cha nini.

"Ufupi ni wa ndege, mutoto wangu. Mi nimengoja miaka."

Akaanza kujipunguza palepale. Mwavuli chini. Koti chini. Begi la nguo. Viatu. Mshale ukarudi kidogo, lakini wapi. Abiria wakacheka, mmoja akamuuliza kama atavua na meno. Rénovat akasema achague, yeye au kikapu. Médiatrice akakaa kitako juu ya mizani, kikapu mapajani.

"Sishuki. Shefu Maxime nani amemupima?"

Kicheko kikakatika. Maxime, mkubwa wa ofisi moja ya Rohero, mtaa wa wenye vyeo, alikuwa amesimama kivulini na kreti zake mbili za bia. Wakubwa hawakuwa wanapimwa, walipita tu. Akasema kwa Kifaransa, bila kumtazama mtu, kwamba yeye si gunia.

"Na mi si gunia," Médiatrice akasema. "Lakini niko hapa juu. Kuja na we."

Rubani alikuja kuuliza kwa nini wanachelewa. Alipoelezwa, akaamuru wapimwe wote, na mizigo yao. Kreti zikabaki uwanjani, Maxime akapanda amenuna. Kikapu kikakubaliwa, ila mama aende vilevile alivyo, asiongeze hata kiatu.

Angani alikipakata. Chini aliiona barabara iliyomnyima mtoto wake miaka yote hiyo, akaikodolea macho kama mtu anayemtazama mdai aliyeshindwa. Miguu haijamfa ganzi, wakaanza kushuka.

Kirundo, mama yake mume wa Amélie alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akafunua kitenge, akaridhika. Halafu macho yakateremka mpaka miguuni. Amélie naye akaona, akashtuka, mtoto kifuani.

"Mama, viatu viko wapi?"

"Vilikuwa vizito," Médiatrice akasema. "Lete mujukuu."